Sahihi ya Pili

Kila mwaka, msimu wa kodi ulipofika, Visima alimwekea mkewe karatasi mezani, kando ya sahani, na kalamu juu yake.

"Mama, weka sahihi hapa na hapa. Nawahi kazini."

Mkewe alikuwa mkunga katika hospitali ya serikali. Mara nyingi saa hiyo ndiyo kwanza ametoka zamu, mikono bado inanuka dawa ya kunawia, tumbo limeshikana na mgongo. Aliweka sahihi hapa na hapa, akaisogeza karatasi, akaendelea kula.

Ilikuwa ritani ya pamoja. Sheria iliwaruhusu mume na mke kutangaza mapato yao kwenye fomu moja, na wakifanya hivyo wanapunguziwa kodi kidogo. Mshahara wa mkunga haukuwa na siri, kodi ilikatwa kabla haujamfikia, kama nyama inayopita kwanza kwa mpishi. Mapato ya mumewe ndiyo yaliyohitaji maelezo. Alikuwa na mtambo wa kuchimba visima uliofungwa juu ya lori, vijana wanne wa kumsaidia, na jina ambalo mji wote ulimpa kwa ajili ya kazi hiyo. Shule zilimwita, wenye mashamba walimwita, na watu waliochoka kungoja maji ya bomba walimfuata hadi nyumbani. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kutoa, mtu wa kusimamisha gari ampakie asiyemjua. Hakunywa, hakulala nje. Wenzake wa mkunga walikuwa wakimwambia, "Wewe dada, umepata mume," naye hakubisha, maana ilikuwa kweli.

Mara moja tu aliuliza. Mwaka ule walikuwa wamemaliza kuezeka nyumba na kumpeleka kijana wao wa pekee shule ya bweni ya ghali, na macho yake yakaangukia tarakimu kwenye fomu. Mapato ya mtambo kwa mwaka mzima yalikuwa madogo kuliko mshahara wake.

"Baba, mbona hapa umeandika kidogo hivi?"

Visima alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliendelea kufunga. "Dizeli," alisema. "Spea. Vijana. Unadhani mtambo wenyewe unakunywa maji?"

"Nauliza tu."

"Kama huniamini, andika wewe."

Hakumgombeza wala hakupandisha sauti. Aliacha tu kuzungumza naye. Alikula, akaoga, akalala, akatoka, siku baada ya siku, mpaka nyumba ikawa kama benchi la wagonjwa wasiojuana. Mwishowe mkunga ndiye aliyeichukua kalamu. Jioni ile ile Visima alirudi na kitambaa cha gauni na kicheko chake cha kawaida, wakala pamoja, mambo yakaisha. Hakuuliza tena. Mtu anayeshinda kutwa akipigania roho za watu, akifika nyumbani anataka amani.

Kiharusi kilimpiga Visima kazini, kwenye shamba moja la kuku, mabomba yakiwa yameshashuka nusu. Vijana wake walimkuta ameketi juu ya tairi, mdomo umekwenda upande, anaitazama kofia yake iliyoanguka kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mkono na mguu wa kulia vilikufa. Maneno nayo yalimtoka yote, likabaki moja.

"Sawa," alijibu alipoulizwa kama anasikia maumivu.

"Sawa," alijibu alipoulizwa jina lake.

Daktari alieleza kwamba huwatokea baadhi ya wagonjwa: ubongo unabakiza neno moja, na hilo moja ndilo linalofanya kazi zote. Mkunga alikuwa ameona mengi wodini. Lakini kumlisha uji mwanamume aliyekuwa akiwavunja watu mbavu kwa vichekesho, ukamsikia anajibu "sawa" kwa uji, "sawa" kwa sindano, "sawa" kwa machozi yake mwenyewe, hilo lilimlemea kwa namna ambayo hakumsimulia mtu.

Alimrudisha nyumbani. Aliomba zamu za mchana tu, akapatana na mama wa nyumba ya jirani amwangalie mgonjwa yeye akiwa kazini. Alijifunza kumwinua peke yake, goti lake katikati ya magoti ya mumewe, kama wanaocheza muziki.

Mdogo wake Visima, fundi wa magari mwenye gereji yake, alikuja siku chache baadaye na dereva.

"Shemeji, huu mtambo ukikaa hapa utaliwa na kutu. Nauchukua niutunze, kaka akipona ataukuta."

Mkunga alimshukuru sana. Alimpa na chai.

Kisha ukaja wito wa ofisi ya kodi, wenye majina ya wote wawili. Kiwanda kimoja kilikuwa kimekaguliwa, na katika vitabu vyake yakaonekana malipo makubwa ya visima ambayo hayakuwahi kutangazwa popote. Wakaguzi wakavuta uzi, nguo nzima ikafumuka: wateja wengine, miaka mingine. Kodi, faini, na faini ya kuchelewesha faini. Jumla yake iliizidi thamani ya nyumba.

Mkunga alikwenda akiwa amevaa sare, akidhani ni makosa yatakayomalizika kabla ya zamu. Afisa aliyempokea alikuwa mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Alimvutia kiti.

"Mume wangu hawezi kusema," mkunga alianza. "Ana kiharusi."

"Pole sana, mama. Lakini wewe unaweza."

"Mimi mshahara wangu mnaukata wenyewe kila mwezi. Nimeficha nini?"

"Hujaficha kitu. Upande wako ni safi. Aliyeficha ni yeye." Afisa aliigeuza karatasi ili aione vizuri. "Shida ni kwamba fomu ni moja. Hii ni sahihi yako?"

"Yangu."

"Na hii? Na hii?"

"Zote zangu."

"Basi deni ni la wote wawili, na tena ni la kila mmoja. Usifikiri ni nusu kwa nusu. Tunaweza kulidai lote kwake au lote kwako. Yeye hana mshahara sasa. Akaunti yake ina hela ya kununulia sabuni. Nyumba ina jina lako wewe. Na mtambo hauna jina lake."

Mkunga alidhani hakusikia vizuri. "Hauna jina lake? Una jina la nani?"

Afisa alitafuta kwenye jalada, akamsomea. Lilikuwa jina la shemeji yake. Ulikuwa umehamishwa miaka mitatu nyuma, Visima akiwa mzima wa afya, anacheka, anampakia kila mtu barabarani.

"Hukujua, mama?"

Mkunga alikuwa anakumbuka ile chai.

Afisa alimwacha atulie, kisha akamweleza, polepole, kama mtu aliyezoea kuona watu wakizama mbele ya meza yake. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuomba nafuu ya mwenzi asiye na hatia: athibitishe mbele ya jopo kwamba alipotia sahihi hakujua, na hakuwa na sababu ya kujua. Ya pili ni ya watu ambao hawako tena pamoja, wametengana na hawalali chini ya paa moja kwa mwaka mzima. Hao hugawiwa deni, kila mtu akabeba alichoficha mwenyewe.

"Na wewe hujaficha kitu. Ungebaki na sifuri."

"Mimi nina mume," mkunga alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nakwambia anza na ya kwanza."

Aliporudi nyumbani alimkuta Visima kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, kidevu kimelowa. Alivuta stuli, akaketi mbele yake, magoti yakagusana.

"Mtambo umempa mdogo wako?"

"Sawa."

"Ulijua siku hii itafika. Ukamkabidhi yeye mtambo, mimi ukanikabidhi deni. Ndivyo ulivyopanga?"

"Sawa," alisema Visima, safari hii kwa sauti ya chini.

Jicho lake la kulia lilikuwa linatoka maji. Lakini jicho hilo lilikuwa likitoka maji tangu augue, na mkewe, pamoja na utaalamu wake wote, hakuweza kujua kama ni kilio au ni ugonjwa. Alitamani kumpiga kofi. Akachukua kitambaa, akampangusa kidevu.

Jopo lilikuwa na watu watatu: mwenyekiti aliyekuwa mzee mwenye sauti nzuri kama ya mtangazaji wa redio, mwanamke mwenye jalada, na karani aliyekuwa akiandika. Mwanamke ndiye aliyeanza.

"Kijana wenu alisoma shule gani?"

Mkunga aliitaja.

"Ada ya pale naijua. Nani alilipa?"

"Mume wangu."

"Kutokana na kazi ambayo, kwa fomu uliyotia sahihi wewe, ilimwingizia pungufu ya mshahara wako. Hukushangaa?"

Wakili wa bure aliyempata kupitia chama chao cha wauguzi alikuwa amemwonya: jibu kwa ufupi, usiongeze. Lakini alikuwa ameapa, na kiapo kwake hakikuwa mchezo.

"Nilishangaa. Nilimwuliza."

Mwanamke aliinua uso. "Ulimwuliza. Kwa hiyo ulikuwa na shaka."

"Nilikuwa na swali."

"Akajibu nini?"

"Dizeli."

Karani aliuma midomo asicheke. Mwenyekiti alimtazama, kisha akamgeukia mkunga kwa upole uliokuwa wa kweli.

"Baada ya hapo ikawaje? Alikutisha?"

"Aliacha kuongea na mimi."

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Hajawahi kukunyooshea mkono?"

"Hajawahi. Si mtu wa hivyo."

Mzee aliweka kalamu chini. "Mama, nataka kukusaidia. Sheria inamhurumia mwenzi aliyetia sahihi kwa woga. Inamhurumia sana. Fikiri vizuri. Hata mara moja?"

Akaelewa wanachotaka. Mlango ulikuwa wazi, na ufunguo wake ni neno moja la uongo. Tena shahidi pekee wa kumkanusha hangeweza kumkanusha. Wangemsukuma Visima hadi hapa, wamwulize, "Ulimpiga mkeo?" naye angejibu "Sawa", kila mtu akaridhika. Alikaribia kucheka. Kisha akamfikiria yule mtu, si mgonjwa wa leo, yule wa zamani, aliyempakata mtoto mwenye degedege barabara nzima hadi hospitali huku akimwimbia.

"Hakuwahi kunipiga," alisema.

"Basi ulikuwa huru kukataa," mwanamke alisema, akafunga jalada.

Uamuzi ulikuja kwa maneno machache: mwombaji alikuwa na sababu ya kujua, na alinufaika. Mshahara wake ungeanza kukatwa. Nyumba ingewekewa zuio, na baadaye mnada.

Mkunga alikwenda gereji kwa shemeji yake. Aliukuta uwanja mtupu, akaambiwa bosi yuko kazini, akaelekezwa. Mtambo ulikuwa ukinguruma nyuma ya shule moja, vijana wale wale wa mumewe wamelowa tope hadi viunoni. Walipomwona waliinamisha macho. Shemeji yake alimvuta kando, mbali na kelele.

"Uza huu mtambo tulipe," mkunga alisema. "Nyumba inakwenda."

"Shemeji, mtambo ni wangu kisheria. Kaka aliniuzia."

"Kwa bei gani?"

"Mambo ya ndugu hayana risiti."

"Na deni lake?"

Shemeji alipangusa mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole. "Deni mmetia sahihi mume na mke. Mimi siwezi kuingilia ndoa ya watu."

Mchuma janga hula na wa kwao, watu husema. Huyu alikuwa wa kwao pia, damu moja, ziwa moja. Lakini janga lilipopakuliwa, sahani ilikuwa moja, nayo ilikuwa mbele ya mkunga.

Alimpigia simu kijana wao, aliyekuwa chuoni mji wa mbali akisomea uhandisi. Alimweleza yote, pamoja na ile njia ya pili.

"Mama, usithubutu," kijana alisema. "Yule ni mgonjwa. Utamwacha mgonjwa kwa sababu ya nyumba?"

"Si nyumba tu. Ni mshahara mpaka nistaafu. Ni ada yako."

"Basi nitaacha chuo."

"Useme hivyo ukiwa na njaa," mama yake alimjibu, akakata simu, na mara hiyo hiyo akajuta.

Aliwaza siku kadhaa. Na katika kuwaza huko aliligundua jambo ambalo halikumfurahisha: kwamba hakuwa akitafuta njia ya kubaki. Kila asubuhi alipomgeuza Visima kitandani na kumwosha, alikuwa akimhudumia vizuri kabisa, kwa mikono ya kazi. Mikono ya mke ilikuwa imekwenda, hakujua lini. Alimwosha kama anavyoosha mgonjwa wa zamu.

Siku ya mapumziko yake alimwomba dereva mmoja wa hospitali pikapu yake. Wakapakia godoro, kiti cha magurudumu, pampasi, dawa ndani ya kikapu, na Visima mwenyewe akaketishwa mbele, amevaa shati jeupe alilonyooshewa asubuhi ile. Alifurahia safari. Kila walipopita mtu anayemjua aliinua mkono wa kushoto.

Walifika nyumbani kwa shemeji yake watu wakiwa mezani. Shemeji alitoka na tonge bado mdomoni.

"Kulikoni, shemeji?"

"Mlichukua mtambo. Nimewaletea na mwenyewe."

"Unamaanisha nini?"

"Namaanisha hivi unavyoona. Huyu ni kaka yako wa tumbo moja. Mimi nimetengana naye leo. Sheria inanitaka nikae mbali naye mwaka mzima, na mimi nimeamua kutii sheria."

Mke wa shemeji alitoka nyuma ya mumewe, mikono kichwani. "Jamani! Utamtupa mgonjwa? Wewe, mkunga?"

"Sijamtupa jalalani. Nimemleta kwao." Sauti yake haikutetemeka, na jambo hilo lilimshangaza. "Dawa ni hizi, asubuhi na jioni. Ageuzwe mara kwa mara, mchana na usiku, asilalie upande mmoja. Mkimwacha mgongo utachubuka. Uji uwe mwepesi. Akikohoa, mwinueni."

Visima alimtazama mdogo wake, akatabasamu kwa nusu ya uso. "Sawa," alisema. "Sawa, sawa."

Mkunga aliingia kwenye pikapu. Dereva alikuwa amekaa tu, mikono kwenye usukani, anatazama mbele.

"Endesha," alimwambia.

Ulimi wa mji hauna mfupa. Kufikia mwisho wa wiki habari ilikuwa imemtangulia kila alipokwenda. Wenzake kazini waliendelea kumsalimia, ila salamu ziliisha haraka. Mama mmoja aliyekuja kujifungua, uchungu umemkaba, alimwona akivaa glavu akasema, "Siyo huyu aliyemtupa mumewe? Asinishike." Ikabidi aitwe mkunga mwingine. Alisimama korido akisikiliza mtoto akilia kwa mara ya kwanza, na hakuwa yeye aliyempokea.

Kwa shemeji yake, wiki za mwanzo zilikwenda. Kisha mke wa shemeji akachoka, na haki alikuwa nayo, maana hakuna aliyemwuliza kama anataka. Mgonjwa akawa anageuzwa mara moja kwa siku, baadaye pale harufu ilipozidi. Mkunga alipata habari kwa kijana mmoja wa mtambo. Alikwenda na kisanduku chake cha dawa baada ya zamu. Alipofunua shuka alikuta kidonda juu ya mfupa wa kiuno, kirefu kiasi cha kuingia kidole.

Hakumgombeza mtu. Alichemsha maji, akasafisha, akafunga. Akawa anakwenda hivyo kila alipoweza, lakini alikuwa akiondoka kabla giza halijaingia. Afisa alikuwa amemwonya: walale chini ya paa moja hata mara moja, na hesabu inaanza upya. Kila alipoinuka kuondoka Visima alimshika sare kwa mkono wa kushoto, ule mzima, kwa nguvu ya ajabu. Mkunga alikuwa akivifungua vidole vyake kimoja kimoja.

"Nitakuja tena," alimwambia. "Niache niende."

Siku moja mvua kubwa ilinyesha jioni, njia ikawa mto. Mke wa shemeji akamwambia, "Lala tu, nani atajua?" Alitazama mvua. Alimtazama mumewe, aliyekuwa na homa siku hiyo, midomo imekauka. Kisha akajifunika mfuko wa plastiki kichwani, akatoka.

Homa haikushuka. Sumu ya kidonda iliingia kwenye damu, na Visima akafa kabla mwaka haujatimia, mchana, mke wa shemeji akiwa sokoni na mkunga akiwa wodini.

Msibani mkunga aliketi pembeni. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsogelea. Kijana wake alifika kutoka chuoni, akapokea mikono ya watu, na alipofika kwa mama yake aliuchukua mkono wake kama alivyochukua ya wengine, akapita.

Ofisi ya kodi ilimwita tena baadaye. Afisa alisimama alipoingia, jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza.

"Pole sana, mama. Mungu amlaze mahali pema." Alifungua jalada. "Kwa suala letu, hata hivyo, hii inarahisisha."

"Inarahisisha vipi?"

"Njia ya pili ni ya aliyeachana na mwenziwe, au aliyetengana kwa mwaka, au aliyefiwa. Kifo nacho kinamaliza ndoa. Huhitaji tena kungoja. Deni linahamia kwenye mali za marehemu, wewe unatoka."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akiosha gari la serikali, anapiga mluzi.

"Hata kama nisingemtoa nyumbani," mkunga alisema. "Angefia kitandani kwangu, ningepata nafuu hii hii?"

Afisa alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Ndiyo."

"Hukuniambia."

"Ningeanzaje, mama? Mumeo alikuwa hai. Ulitaka nikwambie ukae umsubiri?"

Hata chuki ya mkunga ilikosa pa kushika, maana yule mtu alikuwa na macho ya huzuni kweli.

Nyumba iliondolewa zuio, mshahara ukarudi mzima. Ndipo ofisi ikaanza kuutafuta mtambo, kwa kuwa mali iliyotolewa bure kukwepa deni ilikuwa bado mali ya marehemu. Shemeji yake alikuja, amevaa vizuri, na karatasi mkononi.

"Shemeji, ni maelezo mafupi tu. Kwamba kaka aliniuzia kihalali, na wewe ulikuwepo."

"Sikuwepo."

"Najua hukuwepo. Lakini ukisema ulikuwepo, nani atakubishia? Tuna watoto wa kulisha. Na kumbuka sisi ndio tuliomuuguza."

"Mlimuuguza," mkunga alisema. "Kidonda nilikiona." Alimrudishia karatasi. "Waliniambia niseme alinipiga, nikasema hapana. Neno moja lingeniokoa mimi, na sikulisema. Sasa nidanganye ili nikuokoe wewe?"

"Una roho mbaya."

"Labda."

Mtambo ulivutwa mwezi uliofuata. Mkunga aliuona ukipita mbele ya hospitali, mnara wake umelazwa, kutu imeanza kwenye kona. Alidhani atafurahi. Alisikia uchovu tu, kama wa mtu aliyemaliza zamu mbili mfululizo.

Chuo kilipofungwa kijana alikuja nyumbani. Mama yake alimwonyesha barua ya ofisi ya kodi, kwa sababu hakutaka aisikie kwa watu. Aliisoma amesimama, akairudia.

"Kwa hiyo ungekaa naye tu, mambo yangekwisha yenyewe."

"Hakuna aliyejua."

"Najua hakuna aliyejua. Nasema ungekaa naye."

Mama yake alifungua mdomo amweleze: fomu, jopo, dizeli, mtambo. Yote yalikuwa kweli, na yote alikuwa ameshamwambia kwenye simu. Akaufunga.

"Nitakaa kwa baba mdogo likizo hii," kijana alisema.

"Kwa baba mdogo? Baada ya yote aliyofanya?"

"Amekosea, najua. Lakini baba alifia kwake."

Alikuwa hajafungua begi. Mama yake alimsindikiza hadi getini, akamfungulia komeo, kwa kuwa lilikuwa gumu na mkono mmoja wa kijana ulikuwa na mzigo. Alimtazama akienda mpaka akakata kona. Kisha akarudi ndani kuvaa sare, ingawa zamu ilikuwa bado.